Muziki: Les Paul, mpiga gitaa aliyegeuza garaji yake kuwa studio

Karibu kila mpiga gitaa wa Goma, Bukavu, Bunia ao Lubumbashi amekwisha kusoma jina la Les Paul, sababu limeandikwa juu ya kichwa cha gitaa moja la Gibson. Wengi wanafikiri ni jina la bidhaa tu, kama jina la motokari. Les Paul alikuwa mtu: Mmarekani, mpiga gitaa na fundi wa sauti, aliyezaliwa mwaka wa 1915 na kufariki mwaka wa 2009. Na gitaa lenye jina lake si jambo kubwa kuliko yote aliyoyaacha.

Kijana ambaye leo anafunga mlango wa chumba chake, anafungua ordinatere, anapiga gitaa, kisha anaimba juu ya gitaa lile, kisha anaimba tena juu ya sauti yake mwenyewe mpaka mtu mmoja anasikika kama kwaya nzima, anatembea katika njia ambayo Les Paul aliipasua nyumbani kwake zaidi ya miaka 70 iliyopita. Tofauti ni kwamba Les Paul hakuwa na ordinatere. Alikuwa na diski, kisha utepe wa sumaku, na kosa dogo lilimlazimisha kuanza upya.

Tunaikumbuka historia yake leo sababu ubishi haujaisha kati ya wanaorekodi muziki nyumbani. Kuna wanaosema kwamba sauti ya zamani, ile ya analojiki, ilikuwa na joto na uhai, na kwamba numeriki imeuharibu muziki. Wengine wanajibu kwamba numeriki ni safi, ni rahisi, na bei yake inafikiwa na mtu wa kawaida. Ubishi huo mara nyingi unaendeshwa na watu ambao hawajawahi kugusa utepe hata siku moja. Les Paul aliugusa kila siku.

Kwanza tuelewane juu ya maneno. Sauti ni hewa inayotikisika. Katika analojiki, mtikisiko ule unachorwa jinsi ulivyo: sindano inachonga mfereji unaopinda-pinda juu ya diski, ao sumaku inakuwa kali na dhaifu juu ya ule utepe mwembamba wa rangi ya kahawia tuliouona sote ndani ya kasete. Katika numeriki, mashine inapima mtikisiko mara maelfu kwa sekunde moja na kuandika kila kipimo kwa namba. Diski za CD, zilizoanza kuuzwa mwaka wa 1982, zinabeba vipimo 44.100 kwa kila sekunde. Analojiki ni picha, numeriki ni hesabu. Tofauti hiyo tutairudilia, sababu ndiyo iliyomsumbua Les Paul nusu ya maisha yake, hata kabla neno numeriki halijaingia studioni.

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Lester William Polsfuss. Alizaliwa tarehe 9 mwezi wa sita 1915 huko Waukesha, mji mdogo wa jimbo la Wisconsin. Wazazi wake waliachana akiwa bado mtoto, akalelewa na mama yake, Evelyn. Nyumbani kulikuwa piano ya kujipiga yenyewe, inayoongozwa na karatasi ndefu yenye matundu, kila tundu noti yake. Mtoto akagundua kwamba akitoboa matundu mengine, piano inapiga noti ambazo mtunzi hakuziweka. Ukipenda, unaweza kusema kwamba muziki wa kwanza alioutengeneza kwa mikono yake ulikuwa wa numeriki: tundu lipo ao halipo, hakuna katikati.

Alianza na armonika, kisha gitaa. Akiwa bado kijana mdogo alikwenda kuimba nje ya mahali pa kuuza nyama, wateja wakisikiliza kutoka ndani ya motokari zao. Kama alivyosimulia baadaye, alichukua sehemu ya kusemea ya simu, akaiunganisha na radio, sauti yake ikafika mbali. Lakini watu walilalamika kwamba gitaa halisikiki. Akachomeka sindano ya gramafoni ndani ya gitaa, akaiunganisha na radio nyingine. Hakuna aliyemfundisha. Aliacha masomo kabla ya kumaliza sekondari, akaenda kupiga muziki wa mashambani katika radio za Saint Louis na Chicago kwa jina la Rhubarb Red, na usiku akapiga jazi kwa jina la Les Paul.

Mwaka wa 1938 alihamia New York na kuingia katika okestra ya Fred Waring, iliyosikika katika radio ya inchi nzima. Huko ndiko alipotengeneza lile gitaa la ajabu lililoitwa gogo: kipande cha mbao ya msonobari, kinene na bila tundu, chenye nyuzi na sumaku za kunasa sauti. Kwa kuwa watu walishangaa kumwona anapiga kipande cha ubao, alipasua gitaa la kawaida katikati na kubandika mbavu zake pande zote mbili. Kampuni ya Gibson ililikataa mwanzoni. Ilirudi kwake miaka kama 10 baadaye, na gitaa la Les Paul likatoka mwaka wa 1952.

Lakini tangu New York akili yake ilikuwa katika kitu kingine: kurekodi nyumbani. Katika chumba cha chini cha jumba alilokaa aliweka mitambo yake, na mwaka wa 1941 umeme ulimpiga humo akiwa na gitaa mikononi, karibu afe. Alikaa muda mrefu bila kufanya kazi. Wanaotumia nyaya zilizoungwa-ungwa kwa kupata umeme wa studio za nyumbani wanaijua hatari hiyo bila kuambiwa.

Mwaka wa 1943 alifika Hollywood. Aliandikishwa jeshini, akawekwa katika radio ya askari, akapiga gitaa nyuma ya waimbaji wakubwa wa wakati ule. Mmoja wao, Bing Crosby, ndiye aliyekuwa sauti kubwa kuliko zote katika Marekani, na mwaka wa 1945 walitoa pamoja wimbo uliofika namba ya kwanza. Crosby aliona jinsi kijana huyu asivyoridhika na studio za watu: mikro mbali na mwimbaji, mafundi wenye kanuni zao, saa zinazolipiwa. Akamshauri atengeneze studio yake mwenyewe. Les Paul hakwenda kutafuta jengo. Alitoa motokari nje ya garaji ya nyumba yake huko Hollywood.

Garaji ile ndiyo kitovu cha habari hii. Mashine ya kukata diski aliijenga mwenyewe, na sahani yake nzito ya kuzunguka ilikuwa gurudumu la injini ya Cadillac, sababu lilikuwa zito na limesawazishwa vizuri, lisiyumbe. Alisogeza mikro karibu kabisa na mdomo wa mwimbaji na karibu na gitaa, jambo ambalo mafundi wa studio kubwa walilikataza. Leo kila mtu anafanya hivyo bila kujua kwamba zamani lilikuwa kosa.

Wazo la kutumia gitaa nyingi za mtu mmoja lilianza na maneno ya mama yake. Les Paul alisimulia mara nyingi kwamba Evelyn alimpongeza kwa kumsikia radioni, kumbe aliyesikika alikuwa mpiga gitaa mwingine. Kama hata mama hawezi kukutofautisha, una kazi ya kufanya. Alijifungia ndani ya garaji kutafuta sauti ambayo hakuna mwingine angekuwa nayo.

Njia yake ilikuwa hii. Alipiga gitaa la kwanza na kulikata juu ya diski. Kisha aliiweka diski ile ilie upande mmoja, akapiga gitaa la pili juu yake, na mashine nyingine ikakata yote mawili juu ya diski mpya. Diski ya pili ikalia, akapiga la tatu. Na kadhalika mpaka gitaa nane. Nyingine alizirekodi mashine ikizunguka polepole, ili ikirudi kwenye mwendo wa kawaida noti ziruke juu na kukimbia kama ndege wadogo. Matokeo yalikuwa wimbo wa Lover, uliotolewa na kampuni ya Capitol mwanzoni mwa mwaka wa 1948. Hakuna aliyewahi kusikia gitaa la namna ile.

Tuwe wa haki: hakuwa wa kwanza kujirekodi juu yake mwenyewe. Mwaka wa 1941 Sidney Bechet, mpuliza klarineti maarufu, alikwisha kurekodi vyombo sita peke yake kwa njia ya diski. Lakini kwa Bechet lilikuwa jaribio la siku moja studioni. Les Paul alilifanya kuwa kazi yake ya kila siku, na nyumbani.

Hapa ndipo picha na hesabu zinapoachana. Mtu akinakili uso kwa mkono, na mwingine akanakili nakala ile, na wa tatu akanakili ya pili, mwishoni uso wa mama unafanana na wa jirani. Ndivyo analojiki ilivyo. Kila mara diski ya Les Paul iliponakiliwa juu ya nyingine, mkwaruzo ulipanda na noti za juu zilififia. Gitaa la kwanza lilikuwa limenakiliwa mara saba wakati la nane linaingia. Kwa hiyo alijifunza kupanga kinyume: sehemu zisizo za maana sana alizipiga kwanza, zile zinazopaswa kung'aa alizibakiza kwa mwisho. Lakini ukinakili namba ya simu, hata mara mia, kama hukukosea inabaki ileile. Ordinatere inanakili namba. Kijana wa leo anaweza kuweka sauti 50 moja juu ya nyingine, ya kwanza ibaki safi kama ya mwisho, na wala hana haja ya kufikiri ni ipi itangulie.

Lover ilipoanza kuuzwa, Les Paul alikuwa amelala hospitalini. Mwezi wa kwanza 1948, katika jimbo la Oklahoma, barabara ikiwa na barafu, motokari yao iliteleza kutoka kwenye daraja na kuanguka bondeni. Aliyeendesha alikuwa Colleen Summers, mwimbaji aliyekuwa akifanya naye kazi. Kiwiko cha mkono wa kulia wa Les Paul kilisagika. Madaktari walifikiri kuukata mkono. Walipofaulu kuuokoa, kiwiko kilibidi kifungwe moja kwa moja, kisikunjuke tena maisha yote. Yeye aliomba wakifunge kikiwa kimepinda, mkono ukielekea kitovuni, ili aweze kushika gitaa. Zaidi ya mwaka mmoja ulipita kabla ya kurudi kazini. Colleen Summers ndiye dunia iliyemjua kwa jina la Mary Ford. Walioana mwishoni mwa mwaka wa 1949.

Mwaka huohuo Bing Crosby alimletea zawadi: mashine ya utepe ya Ampex. Mashine za utepe zilitoka Ujerumani, ambako zilitengenezwa katika miaka ya 1930. Baada ya vita fundi mmoja wa jeshi la Marekani, Jack Mullin, alirudi nyumbani na mbili kati yake, na Crosby alipozisikia alitoa dola 50.000 ili kampuni changa ya Ampex itengeneze za Marekani. Crosby alizitaka kwa sababu moja tu: alichoka kuimba radioni moja kwa moja na alitaka kurekodi vipindi vyake mapema. Les Paul aliitazama mashine ileile akaona kitu kingine.

Mashine ya utepe ina vichwa vitatu ambavyo utepe unapita mbele yake: cha kwanza kinafuta, cha pili kinaandika, cha tatu kinasoma. Les Paul aliomba kichwa cha nne, akakiweka kabla ya kile kinachofuta. Sasa utepe ulipopita, kichwa kipya kilisoma sauti ya zamani, yeye akaisikia masikioni na kupiga juu yake. Nyuma kidogo sauti ya zamani ikafutwa. Nyuma tena kidogo zamani na mpya zikaandikwa pamoja, zikiwa zimechanganyika. Utepe mmoja, mashine moja, na unaweza kuibeba ndani ya motokari.

Ila tazama bei yake. Kazi ya mwanzo ilifutwa wakati uleule wa kuongeza ya pili. Hapakuwa na kurudi nyuma. Umekwisha kuweka sauti kumi, katika ya kumi na moja ukakohoa, ao simu ikalia, ao mbwa wa jirani akabweka: kumi zote zimekwenda, unaanza na ya kwanza. Na kama bezi uliyoiweka asubuhi imezidi, jioni huwezi kuipunguza, sababu haiko tena peke yake, imeungana na kila kitu kama chumvi ndani ya mchuzi. Katika programu za leo kila sauti ina mstari wake, na kitufe kimoja kinafuta kosa kana kwamba halikutokea.

Na mashine ile ndiyo waliyosafiri nayo. Les na Mary walirekodi katika vyumba vya hoteli, katika vyumba vya kupanga, popote palipokuwa na umeme na utulivu kidogo. Mwanzoni mwa mwaka wa 1951, katika chumba cha chini huko Jackson Heights, mtaa wa New York, walirekodi How High the Moon. Gitaa zote ni za Les, sauti zote za kuimba ni za Mary, tabaka juu ya tabaka. Capitol ilikwisha kuwa na wasiwasi, sababu wimbo ule ulikuwa umerekodiwa na wengi bila kuleta ajabu. Ulikaa namba ya kwanza Marekani majuma tisa. Mwaka wa 1953 Vaya con Dios ilikaa majuma kumi na moja.

Watu wanapozungumza juu ya nyimbo hizo wanasifu mashine na fundi wake. Mimi naona Mary Ford hatajwi vya kutosha. Yeye ndiye aliyepaswa kusimama mdomo karibu na mikro, asikie sauti yake ya jana masikioni, na kuimba sauti ya pili, ya tatu na ya nne kwa pumzi ileile, silabi zikianza na kwisha pamoja, akijua kwamba akiteleza kazi yote imekufa. Hakuwa na programu ya kunyoosha sauti iliyopinda. Unaposikiliza How High the Moon na kushangaa jinsi sauti zinavyobana kama vidole vya mkono mmoja, kinachokushangaza si Ampex.

Katika miaka ileile, mwaka wa 1952, Hugh Tracey alimrekodi Mwenda wa Bayeke huko Jadotville, mji tunaouita leo Likasi. Gitaa moja, mtu mmoja, bila kuongeza kitu juu, na bado wapiga gitaa wengi waliosikia Masanga waliapa kwamba ni watu wawili. Les Paul alihitaji mashine kwa kuzidisha mikono yake. Mwenda aliizidisha kwa vidole. Tunalitaja kwa ajili ya wanaodhani kwamba ukubwa wa rekodi unapimwa kwa idadi ya mistari kwenye skrini.

Pesa zilipoingia, wawili hao walihamia Mahwah, katika jimbo la New Jersey, nyumba ikawa studio na studio ikawa nyumba. Hata kipindi chao cha televisheni, kilichoanza mwaka wa 1953, kiliwaonyesha wakiwa nyumbani. Jukwaani mambo yalikuwa magumu, sababu watu walilipa wakitaka kusikia sauti zote za diski. Les alimficha dada yake Mary nyuma ya pazia na mikro, aimbe sauti zinazokosekana, na watazamaji wakabaki wanatafuta mashine.

Hata hivyo Les Paul hakuupenda utepe wake kama wanavyoupenda wanaoutukuza leo. Kufuta kulimchosha. Kelele iliyopanda ilimchosha. Aliwaeleza Ampex anachotaka: utepe mpana mmoja, wenye mistari minane iliyotengana, kila sauti ndani ya mstari wake, iwezekane kurudilia mmoja bila kugusa mingine. Fundi wa Ampex, Ross Snyder, alipata ufumbuzi wa tatizo la mwisho, yaani jinsi ya kusikia mistari ya zamani na kuandika mpya bila kuchelewa hata nukta. Mashine ilifika Mahwah mwaka wa 1957, kwa bei ya dola 10.000, pesa iliyoweza kununua nyumba wakati ule. Iliitwa pweza, sababu ya mistari minane.

Na hapa kuna jambo la kusikitisha ambalo maandishi mengi ya kumsifu yanaliruka: pweza alichelewa. Roki ilikuwa imekwisha kuingia, vijana walikuwa na Elvis, na nyimbo za Les na Mary hazikuuzwa tena kama zamani. Kazi zake kubwa zote alizifanya kwa mashine iliyomnyima nafasi ya kukosea. Alipopata mashine iliyomruhusu kukosea, wasikilizaji walikuwa wameondoka. Hata Beatles, mwaka wa 1967, walitengeneza albamu yao ya Sgt. Pepper kwa mashine za mistari minne tu.

Nyumba iliyokuwa studio haikumpa Mary mahali pa kupumzikia. Safari, televisheni, kurekodi usiku, mtoto mchanga aliyefariki mwaka wa 1954 baada ya siku chache. Walitengana, na mwaka wa 1964 talaka ikatolewa. Mary alirudi California na kuishi maisha ya kimya. Alifariki mwaka wa 1977.

Les aliliweka gitaa kando miaka kadhaa. Wakati huo wazo lake la garaji lilisambaa bila yeye. Mwaka wa 1979 kampuni ya Tascam ilitoa mashine ndogo ya mistari minne iliyotumia kasete ya kawaida. Mwaka wa 1982 Bruce Springsteen alirekodi albamu yake Nebraska chumbani kwake kwa mashine hiyo, na kelele ya kasete inasikika mpaka leo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Alesis ilileta mistari minane ya numeriki kwenye kasete ya video, kwa bei ambayo wanamuziki wa kawaida waliweza kukusanya. Kisha ordinatere ilimeza yote.

Kwa hiyo ile joto la analojiki wanalolisema ni kitu gani? Lipo, si uongo. Utepe ukipewa sauti kali kupita nguvu yake haupasuki kwa ghafula kama numeriki. Unaibana polepole, unainyonga kidogo, na sikio linapenda mnyongo ule. Numeriki ikifika mwisho wa namba zake inakata kama panga, na kila aliyerekodi kwaya yenye ngoma kwa simu anaijua sauti ile mbaya. Ndiyo maana leo kuna programu zinazouzwa kwa kuongeza kelele na mnyongo wa utepe juu ya rekodi safi. Les Paul alitumia miaka 10 na pesa za nyumba nzima kuikimbia kelele hiyo, na sisi tunailipia ili irudi.

Kwa upande wa kuhifadhi, kila moja ina kaburi lake. Utepe unazeeka, unanata, na mashine za kuusoma zinapungua. Faili ya numeriki haizeeki, lakini inakufa kwa siku moja: simu imeibiwa, diski ya ordinatere imegoma, umeme umekatika kabla ya kuhifadhi. Nimekwisha kuona wimbo wa mwezi mzima ukipotea pamoja na simu iliyoanguka ndani ya maji. Dawa yake ni kunakili mahali pawili ao patatu, na dawa hiyo inawezekana sababu nakala ya namba haipungui. Les Paul asingeweza kuitumia bila kupoteza kitu.

Alirudi mwaka wa 1976 na albamu aliyopiga pamoja na Chet Atkins, iliyowapa zawadi ya Grammy. Alipasuliwa moyo mwaka wa 1980. Tangu mwaka wa 1984 alipiga kila Jumatatu usiku katika klabu ndogo ya New York, Fat Tuesday's, kisha Iridium. Yabisi ilikuwa imeshika vidole vyake, akabaki na vichache vinavyotii, na mkono wa kulia ukiwa umepinda vilevile tangu Oklahoma. Watu walisafiri kutoka mbali kumtazama. Hapo hapakuwa na tabaka juu ya tabaka. Alichopiga ndicho kilichosikika, na akikosa noti alicheka na watu wakacheka naye. Mwaka wa 2006, akiwa na miaka 90, alipokea Grammy mbili nyingine.

Aliendelea na Jumatatu zake mpaka mwaka wake wa mwisho. Alifariki tarehe 13 mwezi wa nane 2009 huko White Plains, jimbo la New York, kwa ugonjwa wa mapafu, akiwa na miaka 94. Walimrudisha Waukesha, wakamzika karibu na mama yake.